Nyota ya Madam wa Jiografia

Mjini kwetu Sumbawanga wapo watu wenye viwanja, wapo wenye mashine za kukoboa mahindi, na yupo Alhaji, tajiri wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na Canter ninayoiendesha mimi. Madam yeye alikuwa na nyota. Hakuwa anatania. Ukisema "ile nyota" alikurekebisha papo hapo: "Sema nyota yako, Madam." Ukishasema hivyo, aliitika kwa uso wa mama aliyesifiwa mtoto.

Nyota yenyewe inaitwa Rijeli. Wengi wameiona bila kujua jina lake. Kuna kundi la nyota linaloitwa Orioni, lenye nyota tatu zilizojipanga mstari kama vifungo vya shati. Upande mmoja wa vifungo hivyo kuna nyota nyekundu, hiyo ni bega. Upande wa pili kuna nyingine kali, nyeupe inayoelekea bluu, huo ni mguu. Mguu ndio Rijeli. Darasani Madam alitufundisha kwamba ni jitu kati ya nyota, linalolizidi jua letu kwa kiasi ambacho ukikitaja watu wanaacha kukuamini, na kwamba mwanga tunaouona uliondoka kule mamia ya miaka kabla hatujazaliwa. Lakini hayo kwake yalikuwa mapambo tu. Kilichompa umiliki ni jambo moja: kila mwaka, mwishoni mwa Februari, mvua ikipumzika na Waislamu wakitoka swala ya Isha, nyota ile inasimama juu ya Sumbawanga. Siyo pembeni, siyo karibu. Juu kabisa, utosini.

"Dar hawana," alikuwa akisema. "Arusha hawana. Nairobi ndiyo usiseme. Wao wanaitazama kwa kupinda shingo. Sisi tunaitazama kwa kulala chali."

Na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa Kasense, mwisho wa barabara ya vumbi, aliamini kwamba ikifika juu kabisa haisimami juu ya mji wote. Inasimama juu ya bati lake. Jirani mmoja alijaribu kudai kwamba labda inafika mpaka kwake pia. Madam alimwambia apime.

Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sweta miezi yote, maana baridi ya huku kwetu Ufipa haikuwahi kumwonea huruma naye hakuwahi kuisamehe. Mkononi alishika mwavuli. Mvua ikinyesha hakuufungua. Ulikuwa wa kuonyeshea ramani, na tangu astaafu ulikuwa wa kuonyeshea watu. Alifundisha kwanza upande wa Kaengesa, kisha akahamia mjini, na mpaka anastaafu nusu ya mji ilikuwa imepita mbele ya ubao wake. Majina yetu hakuyashika. Alishika tulikokuwa tumekaa. Mimi mpaka leo ni "wewe wa dawati la nyuma." Mtendaji wetu wa kata, mtu mzima mwenye kitambi na muhuri, ni "wewe wa dirishani."

Siku moja mtendaji huyo aliitisha mkutano wa hadhara kuhusu mifereji. Akawa anazungumza huku anatafuna ubani. Madam akanyanyuka katikati ya wananchi.

"Wewe wa dirishani."

"Naam, Madam."

"Tema."

Mtendaji akatazama huku na huku akitafuta pa kutemea, asipaone, akatema kiganjani. Aliendesha mkutano wote uliobaki akiwa amefumba ngumi. Watu walisema hajawahi kuonekana na msimamo mkali vile.

Salamu yake ilikuwa na masharti. Ukimwamkia "Shikamoo, Madam" huku unatembea, hakujibu. Ulipaswa usimame, ukabili, utoe mikono mifukoni. Hapo ndipo ulipata "Marahaba" yako, iliyo kavu lakini ya haki. Vijana wa bodaboda walikuwa wanazima injini kabisa. Mmoja alijisahau akamwambia "Mambo, Madam?" Akamjibu kwamba mambo ni mengi, ataje ni lipi analotaka kujua, na hakumwachia mpaka kijana alipotaja lake: alitaka kujua kwa nini Ziwa Rukwa halina njia ya kutoka. Sidhani kama alitaka kweli. Lakini alielezwa, juani, abiria wake akiwa ameketi nyuma amepakata kuku.

Msidhani alikuwa mtu wa kunyooka kama rula. Alichukia uchelewaji kuliko dhambi zote, naye kanisani alifika wakati padre ameshamaliza somo la kwanza, kila Jumapili, akatembea mpaka benchi la mbele akiwatazama waliowahi kana kwamba wao ndio wamekosea saa. Alitufundisha safari za meli kuzunguka dunia yote, lakini yeye gari lilimtia kichefuchefu. Mbeya alikwenda akiwa amefumba macho na kushika limau, akarudi hivyo hivyo, na ukimuuliza Mbeya ikoje alisema ina harufu ya limau. Alitukataza kusema uongo hata wa mzaha. Umri wake aliupunguza kila mwaka.

Na sifa mbaya za mji wetu alizipenda. Mnajua wanavyosema huko nje juu ya Sumbawanga, habari za uchawi na radi zinazotumwa na kufika kwenye anwani. Sisi wenyeji zinatuchosha. Yeye zilimchekesha, na aliweza kuzitumia. Kuku wake walipoibwa, alikwenda sokoni akasimama kwenye mafungu ya dagaa na kutangaza kwa sauti ya darasani: "Kuku wangu nimemwachia aliye juu ya bati langu. Yeye anaona kila kitu." Hakusema zaidi. Asubuhi kuku walikuwa uani, wamefungwa miguu kwa kamba mpya, pamoja na jogoo ambaye hakuwa wake.

Kuna mwalimu kijana alipangiwa kazi kwetu kutoka Tanga, akapanga chumba jirani na Madam. Alishasikia mengi njiani. Jioni yake ya kwanza, giza likiingia, akasikia sauti ya bibi ng'ambo ya ua: "Kijana! Vua viatu, uje ulale kwenye mkeka huku, utazame juu. Nataka nikuonyeshe kinachokaa juu ya nyumba yangu." Kijana alijifungia ndani, akasukuma kitanda mlangoni. Kesho yake akaenda kuomba uhamisho. Madam aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampelekea bakuli la maharage na ugali wa ulezi kumtuliza. Kijana hakula.

Sasa nimlete Alhaji, kwa sababu bila Alhaji habari ya Madam haisimami.

Alhaji ni wa familia ya wafanyabiashara walioanza na duka la chumvi na nguo kabla mimi sijazaliwa. Yeye na Madam ni wa rika moja, na ugomvi wao ulikuwa wa miaka mingi, mtamu, wa kila wiki. Madam alikuja dukani kama anayetaka misumari. Alikalia mfuko wa saruji, akaletewa chai ya tangawizi, wakaanza.

"Jina la hiyo nyota yako ni la Kiarabu," Alhaji alikuwa akisema. "Rijli. Maana yake mguu. Basi ni yetu sisi. Wewe umekodi tu."

"Jina siyo hati. Hata wewe jina lako la Kiarabu, na mama yako wa hapo jirani, Namanyere."

"Mama yangu umwache."

"Nimemwacha. Mwanawe ndiye haniachi."

Ikafika siku Madam akamfuata ustadhi wa madrasa kuuliza vizuri. Ustadhi akamwambia ndiyo, rijli ni mguu, na kwamba kwa Waarabu wa zamani kundi lile halikuwa mwindaji wa kiume hata kidogo; waliliita Jauzaa, nao walilifikiria kama mwanamke. Madam alirudi dukani na mwavuli ameuweka begani kama bunduki. "Alhaji, huo mguu unaojivunia ni wa mwanamke. Na anakukanyaga nao kila Februari." Wiki nzima tuliuza saruji kwa utulivu usio wa kawaida.

Mambo yalianza kuharibika polepole, na yalianzia juu.

Msimu mmoja Madam alikuja dukani, hakukaa. Akasema nyota yake imeanza kubadilika. Ule ubluu unapungua, inaingia manjano. Alhaji akadhani ni uchokozi mpya, akamwambia labda haijaogeshwa. Madam hakucheka. Akatueleza, kwa sauti ile ya mtihani, kwamba majitu ya bluu hayadumu. Yana haraka, yanakula mafuta yao kwa pupa, na mwisho yanavimba na kuwa mekundu kabla ya kulipuka. "Tulijua itatokea," alisema. "Hatukujua kwamba itatokea nikiwa natazama."

Usiku ule nilitoka nje nikatazama. Iko pale pale, bluu vile vile, kali kama cheche ya fundi wa kuchomelea. Nikasema labda mimi wa dawati la nyuma sioni vizuri. Nikawauliza wenzangu. Wote waliona bluu. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ungeanzia wapi? Ungesimama, ungekabili, ungetoa mikono mifukoni, halafu?

Madam hakuishia dukani. Alikwenda redioni. Mjini kwetu kuna redio yenye kipindi cha asubuhi ambacho wasikilizaji wanapiga simu, na mtangazaji wake ni kijana mchangamfu ambaye kwa bahati nzuri hakuwahi kufundishwa na Madam. Tulimsikia tukiwa tunapakia mabati.

"Kwa hiyo, Madam, washikaji huku mtaani tujiandae vipi? Ni noma?"

"Kwanza ujiandae kuzungumza Kiswahili."

"Sawa, Madam. Lakini hiyo nyota ikilipuka, sisi Sumbawanga ndiyo tuko chini yake kabisa?"

"Chini yake kabisa," alisema Madam, na nilisikia fahari katika sauti yake. Akaeleza kwamba iko mbali mno, haiwezi kumdhuru mtu, na kwamba itang'aa mpaka mchana. Sehemu hiyo hakuna aliyeisikiliza. Kufikia adhuhuri mji ulikuwa umeshika neno moja tu, chini yake kabisa. Foleni ya kitubio ilifika nje ya kanisa. Familia moja iliyokuwa inasuasua ikaharakisha harusi ya binti yao. Mzee mmoja alikwenda kumwomba radhi mke aliyemwacha, wakarudiana, na mpaka leo wanagombana. Mwenye redio alifurahi sana, akamwambia Madam milango iko wazi.

Wakati huo huo alikuwa anafuma. Sikukuu ya Idd ilipokaribia alimletea Alhaji zawadi, sweta alilolifuma kwa mkono wake. Alilinyoosha juu ya kaunta. "La bluu," akasema, "kwa kuwa huko juu bluu inakwisha." Kifuani lilikuwa bluu kweli. Mkono mmoja ulikuwa kijani. Shingo ilikuwa ya rangi ya majivu. Alhaji alilitazama kwa muda, akamtazama Madam, akalivaa. Akaenda nalo swala ya Idd. Watu walipomuuliza alijibu ni fasheni ya Dubai. Mimi ndiye niliyemwona, baada ya Madam kuondoka, amekaa ofisini ameushika mkono ule wa kijani kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Alhaji alimwambia Madam yeye mwenyewe. Hakumtuma mtu. Nilikuwepo, napanga rangi za makopo.

"Madam, hili sweta ni rangi gani?"

"Bluu. Si nimelifuma mimi?"

"Lote?"

"Lote. Umeanza uzee?"

"Mkono huu ni kijani. Shingo ni majivu." Akashusha sauti. "Nyota haina kitu, Madam. Ni macho yako. Yameingia ukungu. Nyota ni bluu, mji mzima unaiona."

Madam akainuka kwenye mfuko wa saruji, akapangusa sketi. "Mji mzima," akasema, "nimeusahihishia mitihani. Najua unachoweza kuona." Akatoka. Kikombe chake cha chai kilibaki kimejaa.

Hakurudi. Misumari alikwenda kununua duka la mbali, kwa watu asiowapenda. Alhaji akipita Kasense alimkuta ameingia ndani. Nasi tukaanza kusikia habari. Asubuhi moja ya ukungu alikuta kitu cheupe kimesimama getini, hakisogei wala hakiamkii. Akakikemea: "Wazazi wako hawakukufundisha kusalimia wakubwa?" Alikuwa ng'ombe, dume la majirani zake Wasukuma waliohamia huku na mifugo yao. Mama wa nyumba ile alikuja mbio kumwondoa, akamwamkia Madam kwa niaba ya dume. Madam akapokea, akasema alijua tangu mwanzo ni ng'ombe, ila hata ng'ombe anafundishika.

Tulicheka. Halafu ikaja siku ambayo sikucheka. Nilikuwa nateremka na Canter imejaa tofali, naye akaingia barabarani mbele yangu bila kugeuza shingo. Nilikanyaga breki mpaka tofali zikahamia mbele. Gari lilisimama karibu naye kiasi kwamba angenyoosha mkono angeligusa. Aligonga bampa kwa mwavuli. "Polepole!" akaliambia. Hakuniona mimi kwenye usukani. Nilimwita, "Madam, ni mimi wa dawati la nyuma." Akatazama upande ambao sikuwepo, akasema, "Najua."

Nilirudi dukani, nikamwambia Alhaji. Jioni alifunga duka mapema. Kesho yake, nafungua redio, nasikia sauti ya tajiri wangu.

"Mimi ni Alhaji wa vifaa vya ujenzi," alikuwa anasema. "Nawatangazia kwamba ile nyota ya juu ni bluu, ni nzima, haina tatizo lolote. Aliyekuwa anaiangalia haioni tena, kwa hiyo nimeichukua mimi. Kuanzia leo mwenye swali kuhusu nyota afike dukani kwangu. Na Jumamosi nitawaonyesha watoto wa madrasa na wa shule ya msingi. Waje na mikeka."

Haikufika saa ya chai Madam akawa mlangoni. Amekuja kwa miguu kutoka Kasense, sweta limekaa upande, mwavuli mbele.

"Nani amekupa nyota yangu?"

"Nimeiokota," alisema Alhaji. "Ilikuwa haina mtu."

"Ina mtu!"

"Inataka mtu anayeiona. Hospitali kuna daktari wa macho amekuja, anakaa wiki hii. Anasafisha macho ya watu, wanatoka wanaona. Ukirudi unaona, nakuachia. Usipokwenda, Jumamosi naanza kufundisha. Nitawaambia watoto ni mguu wa mwanamume."

Nilidhani atampiga. Badala yake akauliza daktari huyo ni nani. Alhaji akamtajia. Madam akashika kichwa.

"Yule? Yule wa benchi la pili, aliyeniwekea Ziwa Rukwa Kenya kwenye ramani? Huyo ndiye anichokoe jicho?"

"Huyo huyo."

Akatembea mpaka mlangoni, akasimama. Mabega yalikuwa yamemshuka. Sikuwahi kumwona hivyo. "Na akiniharibia?" aliuliza, siyo kwa ukali. Alhaji akamjibu, naye bila mzaha, "Nitakuwa nimekaa nje ya mlango. Akikuharibia nitamzika kwa saruji yangu mwenyewe."

Nilimpeleka mimi, amefumba macho na limau mkononi, ingawa ni mwendo wa kutembea. Yaliyotokea ndani alinisimulia daktari. Upasuaji ule mtu halazwi usingizi. Wanalitia ganzi jicho tu, mdomo unabaki. Daktari alikuwa ameshika chombo, mkono umeshatulia, akasikia sauti chini ya kitambaa:

"Mto Kalambo unamwaga wapi?"

"Ziwa Tanganyika, Madam."

"Maporomoko yake yako mpaka wa Tanzania na wapi?"

"Zambia, Madam."

"Na Ziwa Rukwa?"

"Liko Tanzania, Madam. Liko hapa hapa."

"Haya. Kata."

Walimfanyia jicho moja kwanza, la pili lisubiri. Bandeji ilipotolewa kesho yake, kitu cha kwanza alichotazama ni mikono yake. Aliigeuza mbele na nyuma. "Hii ya nani?" akauliza. Kisha akamwona Alhaji amesimama mlangoni na sweta lake. Akalikagua polepole, kifua, mkono, shingo. Akamwambia nesi, "Huyu mzee anatembea hivi mjini, na nyie mnamwachia?"

Jumamosi ile haikufundishwa na Alhaji. Ilikuwa mwishoni mwa Februari, mvua ya mchana imesafisha anga. Watoto walijaa uani Kasense na mikeka yao, na wakubwa wengi zaidi ya watoto, kwa sababu mji wote ulitaka kumsikia Madam akikubali kwamba alikosea. Mtendaji alikuja. Kijana wa redio alikuja na kinasa sauti. Alhaji alifika na kofia yake ya swala, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Madam alijilaza chali katikati yetu. Nyota ilikuwa utosini. Alifumba jicho la zamani, akatazama na jipya. Akafumba jipya, akatazama na la zamani. Akarudia. Akarudia tena. Hakuna aliyekohoa. Nilikuwa karibu naye, nikaona machozi yanateremka pembeni kuelekea masikioni, nikadhani ni dawa ya jicho.

Mwisho akasema, kwa sauti ya kufunga kipindi:

"Imepona."

Watu walijiuma midomo. Kijana wa redio aliinamia kinasa chake mabega yanatikisika. Mtendaji alikwenda kutazama mgomba. Wote tukamgeukia Alhaji, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kumwumbua.

Alhaji alitazama juu kwa muda. "Alhamdulillahi," akasema. "Iliugua muda mrefu."

Baada ya hapo Madam alirudi dukani kukalia saruji, wakaendelea kugombana kama kawaida. Jicho la pili nalo likafanyiwa. Mimi nilidhani nimeshamjua mtu huyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mwezi wa saba mwaka huu, baridi ikiwa ya kukata masikio, nilikuwa napeleka saruji Msanzi. Nje kidogo ya mji nikamwona amesimama kando ya barabara, kamba imezungushwa begani. Nilisimamisha, nikateremka, nikaamkia vizuri. Akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia. Akasema ndiko anakokwenda, akapanda mwenyewe. Hakufumba macho. Alitazama njia yote: mashamba ya alizeti yaliyovunwa, ng'ombe, moshi wa nyumba, watoto wenye masweta makubwa.

Tulipokuwa peke yetu mbali na mji, akasema, "Wewe wa dawati la nyuma. Mwaka ule nilipoiona inageuka rangi, unafikiri nilihisi nini?"

"Hofu, Madam?"

"Furaha." Akaiweka sawa kamba begani. "Nilikuwa nimestaafu. Wenzangu tuliofundisha pamoja wamezikwa mmoja mmoja. Magoti yamegoma. Nikatazama juu nikaona naye anafifia. Nikasema kumbe hata wewe. Basi tunashuka pamoja. Nilipata mwenzangu, unaelewa? Nikaanza kugawa vitu kimya kimya. Huyu sufuria, huyu saa ya ukutani. Mpwa wangu wa Msanzi nikampa kitanda changu cha mninga. Nikawa nalala chini, nangoja."

Sikujua lolote katika hayo. Tulikuwa tunacheka habari za ng'ombe.

"Halafu yule mwuza misumari akanirudishia macho. Nikalala pale uani, nikatazama. Iko vile vile! Kali kama nilivyoiona nikiwa msichana. Wala haikuwa inazeeka. Nilikuwa nazeeka peke yangu."

"Sasa kwa nini ulisema imepona?"

"Ulitaka nilie mbele ya Alhaji?"

Nilibadilisha gia pasipohitaji gia. Baada ya kilima kimoja akaendelea, sauti imechangamka. "Nimekaa miezi nafikiri. Sikuona jingine la kufanya. Kama yenyewe haifi, na mimi sifi. Sasa nimechoka kulala chini."

Mpwa wake alitupokea kwa furaha, mkewe akaleta viti. Madam alikunywa uji, akauliza habari za mashamba, akamsifia mtoto. Kisha akatua bakuli, akafungua ile kamba begani.

"Nimefuata kitanda."

Mpwa alidhani hakusikia vizuri. "Kitanda kipi, shangazi?"

"Cha mninga."

"Si ulinipa?"

"Nilikupa nikiwa nakufa. Nimeahirisha."

Mke wa mpwa aliingia ndani haraka. Nikasikia anacheka kwenye mto. Mpwa alinitazama mimi, nikatazama matairi. Alikuwa mtu mzuri. Alikuna kichwa, akaenda chumbani, akatoa mashuka. Madam akamfuata, akabonyeza godoro kwa kidole.

"Godoro nawaachia," akasema.

"Asante, shangazi." Akainama kushika, kisha akanyanyuka tena, maana swali lilikuwa linamsumbua kweli. "Shangazi, umeahirisha mpaka lini?"

Madam alimtazama kwa macho yake yote mawili, safi, yasiyo na haraka.

"Shika upande wa kichwani," alisema. "Na usiukwaruze mninga."